Kimya cha Reli si Ruhusa ya Kuvuka

Ndugu msikilizaji, treni haina usukani. Dereva wake akimwona mtu mbele hawezi kumkwepa, na hata akifunga breki papo hapo, treni ya mizigo iliyo katika mwendo yaweza kwenda kilomita nzima au zaidi kabla ya kusimama. Kwa hiyo mahali barabara inapokatana na reli, wa kusimama ni yule wa barabarani. Swali ni moja: atajuaje kwamba treni inakuja?

Hapa Njoro na Moshi kwa jumla swali hili lina uzito wa pekee. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, enzi za Wajerumani, na mwaka 1929 ikafikishwa Arusha. Katika miaka ya 1990 treni za abiria zilikoma, na hatimaye njia nzima ikalala. Watu wakazoea kupita juu ya reli kama wapitavyo kwenye kijia cha shambani. Vijana wakazaliwa, wakasoma na kuoa bila kuona treni ya abiria ikipita. Kisha Julai 2019 treni ya mizigo ikarudi, Desemba mwaka huo huo ikaja ya abiria kutoka Dar es Salaam, na mwaka 2020 ikafika Arusha. Reli iliamka, lakini mazoea yetu hayakuamka nayo.

Leo nataka nieleze namna taa na kengele za kivuko cha reli zinavyotambua treni inayokuja. Njia rahisi ni kuanzia mezani, kwa mfano mdogo ambao mwanafunzi wa sekondari anaweza kuutengeneza kwa msaada wa fundi umeme wa magari.

Chukua ubao na vipande viwili vya chuma virefu kama mkono. Vipigilie sambamba bila kugusana. Hizo ndizo reli zako. Tafuta betri ya volti 12. Umeme wa nyumbani usiguswe kabisa katika kazi hii. Nenda duka la vipuri vya magari ukanunue rilei ya miguu mitano. Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme: ikipata mkondo, inavuta, ikikosa mkondo, inaachia.

Sasa unga waya kutoka betri hadi mwanzo wa reli mbili, chanya reli hii na hasi reli ile, lakini upande mmoja upitishie kwanza kwenye balbu ndogo ya gari ya wati 5. Mwisho wa reli, unga miguu miwili ya sumaku ya rilei, mmoja kila reli. Umeme utatoka kwenye betri, utapita reli ya kwanza, utaingia kwenye rilei, na kurudi kwa reli ya pili. Rilei inavuta na kutulia. Taa nyekundu ya kivuko, yenye betri yake, iunge kwenye ule mguu unaopata umeme rilei inapoachia. Kwa sasa taa imezimika, kwa kuwa njia ni tupu.

Weka juu ya reli kigari chenye magurudumu ya chuma na ekseli ya chuma. Papo hapo ekseli inaunganisha reli mbili, na mkondo unapata njia ya mkato. Badala ya kwenda hadi kwenye rilei, unapita katika ekseli na kurudi. Rilei inakosa nguvu, inaachia, na taa nyekundu inawaka. Ile balbu ya wati 5 nayo itang'aa, maana sasa ndiyo inayozuia mkondo usiunguze waya. Ondoa kigari, na rilei itavuta tena.

Ulaya na Marekani wako watu wazima wanaojenga treni ndogo za umeme majumbani, na taa za vivuko vyao huzifunga kwa namna tofauti kidogo. Kwao reli ndizo zinazopeleka umeme kwenye mota ya treni, kwa hiyo hupima mkondo ambao treni inaunyonya, au huweka mwali wa mwanga unaokatwa na treni ikipita, au sumaku chini ya behewa inayofunga swichi ndogo. Treni zetu za dizeli hazihitaji umeme wa reli, na hivyo reli zinaweza kubeba mkondo mdogo wa kutambulisha tu. Mtambo huo, kwa namna tuliyoufanya mezani, ulipewa hataza Marekani mwaka 1872 kwa jina la William Robinson.

Sasa, ndugu msikilizaji, tazama busara iliyomo. Mtu angeweza kutengeneza mtambo ambao treni ikifika inawasha umeme, na taa inawaka. Lakini waya ukikatika, au mwizi akiuza nyaya za shaba kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mtambo huo ungenyamaza, na kimya chake kingeonekana kama usalama. Robinson aligeuza jambo. Kwake umeme hupita wakati wote ili kusema njia ni nyeupe. Treni ikija, umeme unakatwa. Waya ukikatika, umeme unakatwa. Betri ya reli ikiisha, umeme unakatwa. Katika hali zote hizo mtambo unatoa jibu moja: hatari, simama. Hata geti hufuata kanuni hiyo hiyo. Katika mageti mengi ya kujiendesha, boriti hushikiliwa juu kwa umeme, na umeme ukikosekana huanguka kwa uzito wake.

Hata hivyo kila chombo kina adui yake, na mtambo huu una maadui wawili tunaowajua sana. Wa kwanza ni kutu. Reli isiyopitiwa na treni mara kwa mara huota kutu, na kutu huzuia gurudumu lisigusane vizuri na chuma. Hapo treni yaweza kuwa juu ya reli na mtambo usiione. Hii ndiyo hitilafu mbaya kuliko zote, kwa sababu inatoa uongo wa usalama. Wa pili ni mataruma. Katika njia za zamani za nchi yetu mataruma mengi ni ya chuma, na taruma la chuma linaunganisha reli mbili kama ekseli ifanyavyo. Bila vihami kati ya reli na taruma, mtambo ungeona treni usiku na mchana.

Ndiyo maana mahali pengi siku hizi hutumika mtambo wa kuhesabu ekseli. Kifaa kidogo hufungwa ubavuni mwa reli, chenye uga wa sumaku unaotikiswa na kila gurudumu linalopita. Kichwa chenye ekseli 6 na mabehewa 20 ya ekseli 4 kila moja vinafanya ekseli 86. Zikiingia 86, kengele haitanyamaza mpaka zitoke 86. Ikitoka pungufu hata moja, mtambo unaamini kuna behewa limebaki. Kutu na mataruma ya chuma haviusumbui.

Liko pia suala la umbali. Tuseme tunataka kutoa onyo la sekunde 30. Treni ya kilomita 60 kwa saa inakwenda karibu mita 17 kila sekunde, hivyo kitambuzi lazima kiwe mita 500 kabla ya kivuko. Lakini treni nyingine ikipita hapo kwa kilomita 20 kwa saa, madereva wa barabarani watasubiri dakika moja na nusu. Hapo ndipo mwenye bodaboda anapochoka, anazunguka geti na kuingia relini. Mtambo umesema kweli, ila binadamu amekosa subira.

Nasema haya kwa kuwa vivuko vingi vya nchi yetu havina taa, kengele wala geti. Vina kibao tu, na mahali pengine hata kibao hakipo kwa kuwa kivuko chenyewe kilianzishwa na nyayo za watu. Oktoba 2013 huko Nairobi, treni iligonga basi la abiria katika kivuko cha Mutindwa na zaidi ya watu 10 wakapoteza maisha. Kivuko cha namna hiyo hakikuhitaji kilima wala kona kali kuua. Sekunde chache za haraka zatosha.

Maoni yangu ni haya. Wenye mamlaka, kila barabara mpya inayovuka reli ipangiwe na fedha za ulinzi wake: mtambo penye magari mengi, na mshika bendera pasipo na mtambo. Anayenunua nyaya za reli kama chuma chakavu ajue ananunua onyo lililowekwa kwa ajili ya mtoto wa mtu. Na sisi wapita njia tujifunze kwa ile rilei. Yenyewe haingoji kuthibitishiwa hatari; inangoja kuthibitishiwa usalama, na isipothibitishiwa inasema simama. Nasi tukifika relini, tusimame, tuzime muziki, tutoe vile vya masikioni, tutazame kulia na kushoto mbali kadiri macho yafikavyo, na watoto wadogo tuwashike mkono. Tukishaona kwa macho yetu kwamba njia ni nyeupe, ndipo tuvuke.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.