Vidonge vya Majira: Mambo ya Kuzingatia Kabla na Wakati wa Kuvitumia

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye vichocheo viwili, ambavyo wengi huviita vidonge vya majira, ni dawa. Kwa kuwa humezwa na mtu asiye mgonjwa, baadhi ya watumiaji huvichukulia kama bidhaa nyingine za dukani: hugawana pakiti, au humtuma mtu akawanunulie bila kupata maelezo yoyote. Hapo ndipo hatari huanza. Kidonge kilichomfaa dada au jirani chaweza kumdhuru mwingine, na tofauti hiyo hujulikana kwa maswali machache na kipimo cha shinikizo la damu.

Namna vinavyofanya kazi

Kila kidonge chenye dawa kina estrojeni na projestini. Vichocheo hivi huzuia yai kutoka kwenye kifuko chake, na huufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito. Katika pakiti ya vidonge 28, kwa kawaida 21 vina vichocheo. 7 vya mwisho, vyenye rangi tofauti, havina, na katika baadhi ya pakiti huwa ni vya madini ya chuma.

Kati ya wanawake 100 wanaovimeza kwa mwaka mzima bila kukosea, wanaopata mimba hawafiki hata mmoja. Katika matumizi ya kawaida, yenye kusahau na kuchelewa, idadi hiyo hufikia takribani 7. Vidonge hivi havizuii VVU wala magonjwa mengine ya zinaa. Kwa kinga hiyo, tumia kondomu.

Nani anapaswa kushauriwa njia nyingine

Estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa. Tatizo hili ni nadra: kwa mwaka huwapata wanawake wapatao 2 kati ya 10,000 wasiotumia vidonge, na 5 hadi 7 kati ya 10,000 wanaotumia vile vyenye levonogestreli. Hata hivyo, hatari huwa kubwa zaidi kwa baadhi ya watu. Kabla ya kupokea pakiti ya kwanza, mweleze mtoa huduma ikiwa:

• una umri wa miaka 35 au zaidi na unavuta sigara;
• shinikizo lako la damu limefikia 140/90 au zaidi, au unatumia dawa za kulishusha;
• umewahi kupata kiharusi, ugonjwa wa moyo, au damu kuganda mguuni au kwenye mapafu;
• unaugua kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli;
• una au umewahi kuwa na saratani ya matiti, au una ugonjwa mkali wa ini;
• unanyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6, au umejifungua karibuni.

Kuwa na mojawapo ya hali hizi hakukunyimi uzazi wa mpango. Zipo njia zisizo na estrojeni, na nyingine zisizo na kichocheo chochote, kama vile kitanzi cha madini ya shaba.

Dawa zinazopunguza nguvu ya vidonge

Rifampisini, inayotibu kifua kikuu, hulifanya ini livunje vichocheo kwa haraka. Mwanamke anayeitumia aweza kupata mimba ingawa hajasahau hata kidonge kimoja. Dawa za kifafa za karbamazepini, fenitoini na fenobabitali, pamoja na baadhi ya dawa za VVU, huweza kuleta athari hiyo hiyo. Usiache matibabu hayo kwa ajili ya vidonge. Kinachobadilishwa ni njia ya uzazi wa mpango.

Ukisahau kumeza

Meza kidonge kimoja kila siku, saa ile ile. Ukisahau:

• Vidonge 1 au 2 vyenye vichocheo: meza kimoja mara ukumbukapo, kisha endelea kama kawaida, hata ikibidi kumeza viwili siku moja.
• Vidonge 3 au zaidi, wiki ya kwanza au ya pili: meza kimoja mara moja, endelea na pakiti, na tumia kondomu kwa siku 7. Ikiwa ulijamiiana ndani ya siku 5 zilizopita, muulize mtoa huduma kuhusu vidonge vya dharura.
• Vidonge 3 au zaidi, wiki ya tatu: fanya hivyo hivyo, maliza vyenye vichocheo, tupa vile 7 vya mwisho na anza pakiti mpya siku inayofuata.
• Kidonge kisicho na kichocheo: kitupe na uendelee.

Ukitapika kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu umeze, meza kingine.

Dalili za kukimbilia hospitali

Kichefuchefu, maumivu ya matiti na matone ya damu katikati ya mwezi hutokea mwanzoni, na mara nyingi huisha katika miezi michache. Lakini acha vidonge na nenda hospitali bila kuchelewa upatapo maumivu au uvimbe wa mguu mmoja, maumivu makali ya kifua au tumbo, kukosa pumzi, kichwa kuuma kusiko kwa kawaida, kutoona vizuri, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, au macho kuwa ya manjano. Mwambie daktari kwamba unatumia vidonge vya majira, hata asipokuuliza.

Nunua dawa katika famasi au duka lenye kibali, kagua tarehe ya mwisho wa matumizi, na utunze karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya pakiti. Ukipata madhara, toa taarifa kwa mtoa huduma wa afya au kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Taarifa yako huweza kumwepusha mtumiaji mwingine na madhara hayo.