Motokaa Ikikataa Kuwaka

Injini ya motokaa ina nguvu za kuvuta mizigo mizito na kupanda milima, lakini haiwezi kujiamsha yenyewe. Sababu yake ni hii: kabla ya kutoa nguvu, injini haina budi kuvuta hewa na mafuta ndani na kuyashindilia, ndipo yawake, na mambo hayo hayawezekani mpaka kwanza izungushwe. Kwa hiyo kila injini huhitaji kitu kingine cha kuizungusha mara za kwanza. Katika motokaa, kitu hicho ni mtambo mdogo wa umeme uitwao stata.

Hapo zamani kazi hiyo ilifanywa kwa mkono. Dereva alisimama mbele ya motokaa, akatia hendeli ya chuma, akaizungusha kwa nguvu zake zote. Kazi ilikuwa ngumu, tena ya hatari. Maana pengine injini iliwaka kabla ya wakati wake, ikarudi nyuma kwa ghafula, nayo hendeli ikampiga mtu, hata wengine walivunjika mkono. Mwaka 1911 Charles Kettering, wa mji wa Dayton katika Marekani, alitengeneza stata ya umeme iliyofaa, na motokaa za Cadillac za mwaka 1912 ziliuzwa nayo. Baada ya hapo hendeli ikaanza kuachwa.

Yafaa sasa kujua jinsi stata inavyofanya kazi, kwa kuwa asiyejua kitu kikiwa kizima hawezi kutambua kilivyoharibika. Dereva ageuzapo ufunguo, umeme kidogo hupita katika waya mwembamba mpaka kwenye swichi ya sumaku iliyofungwa juu ya stata. Mafundi huiita solenoidi. Sumaku hiyo hufanya kazi mbili pamoja. Ya kwanza, husukuma gia ndogo ya stata ikashikana na meno ya gurudumu zito la injini liitwalo flaiwili. Ya pili, huunganisha vipande viwili vya shaba, ili umeme mwingi wa betri upite katika waya mnene na kuizungusha stata. Gia ndogo ina meno kama 10 hivi, na flaiwili ina meno zaidi ya 100. Basi stata huzunguka mara nyingi ili injini izunguke mara moja tu. Ndivyo mtambo mdogo unavyoushinda mkubwa. Injini ikiisha kuwaka, dereva huachia ufunguo, na gia ndogo hurudi mahali pake.

Kazi hiyo ya muda mfupi hula umeme mwingi sana. Taa moja ya mbele haifikishi ampea 10, lakini stata huweza kutumia ampea 100 na zaidi. Hapo ndipo penye siri ya mambo yote yanayofuata: kutu kidogo tu, ambayo haizuii taa kuwaka, yaweza kuizuia stata.

Tuseme ni usiku, na motokaa ya zahanati imepakia mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Dereva anageuza ufunguo, injini haizunguki. Asiyejua hulaumu stata mara moja. Kesho yake hununua nyingine kwa fedha nyingi, akaifunga, na motokaa ikakataa vile vile. Kumbe ubaya ulikuwa katika kichwa cha betri kilichoota kutu. Fedha zimekwenda, na mgonjwa amecheleweshwa. Dereva mwenye akili hafanyi hivyo. Kwanza huiweka gia huru na kuvuta breki ya mkono. Kisha huwasha taa za mbele, akageuza ufunguo huku mwenzake akizitazama. Taa na sauti humwambia mengi.

Kwanza, taa zikififia sana, na ikasikika sauti ya ta-ta-ta ya upesi upesi, yaelekea betri haina nguvu, au vichwa vyake ni vichafu au vimelegea. Dawa yake ni kuvifungua, kuvisafisha na kuvikaza, na kuichaji betri. Maji ya moto yaliyotiwa magadi huondoa ule unga unaoota juu ya vichwa, lakini yasiingie ndani ya betri. Wala mtu asilete moto karibu, kwa sababu betri hutoa hewa inayoweza kulipuka.

Pili, taa zikiendelea kuwaka vizuri, na ikasikika sauti moja tu, ta!, bila injini kuzunguka, basi solenoidi imesukuma lakini umeme mwingi haukufika. Huenda vile vipande vya shaba vimelika, au makaa madogo yaliyo ndani ya stata yamekwisha. Katika stata za Denso zilizofungwa katika Toyota nyingi, vipande hivyo vya shaba huweza kubadilishwa peke yake, na stata ikatumika tena. Watu wengine huigonga stata taratibu kwa mpini wa nyundo, nayo ikazunguka. Hiyo ni ishara kwamba makaa yamelika. Ni msaada wa kumfikisha mtu nyumbani, si matengenezo.

Tatu, taa zikiwaka vizuri na kukawa kimya kabisa, tazama waya mwembamba, fyuzi, na swichi ya ufunguo. Katika motokaa nyingine injini haizunguki mpaka klachi ikanyagwe.

Nne, stata ikizunguka kwa mlio mwembamba na injini isizunguke, gia ndogo haishiki. Ikisaga kwa kelele, meno yamevunjika, ama ya gia ndogo ama ya flaiwili.

Fundi mwenye kipimo cha umeme huweza kuhakikisha zaidi. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi. Wakati stata inapozungusha injini, isishuke chini ya volti 9.6. Ikiwa betri ni nzima, waya zote ni safi na zimekazwa, na umeme unafika kwenye stata ufunguo ugeuzwapo, lakini stata haizunguki, hapo ndipo yafaa kuihukumu.

Kuibadilisha stata si kazi ya kubahatisha. Jambo la kwanza ni kufungua waya wa hasi wa betri. Waya mnene wa stata una umeme wakati wote, hata ufunguo ukiwa umetolewa. Basi spana ikiugusa pamoja na chuma cha motokaa, cheche kubwa hutoka na mtu huweza kuungua. Ikiwa lazima kuingia chini ya motokaa, isimame mahali pa tambarare, magurudumu yawekewe vizuizi, nayo itegemezwe kwa stendi imara. Mtu asiingie kamwe chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Wengi wamekufa kwa kosa hilo.

Kisha fundi hukumbuka kila waya ulipofungwa, akazifungua nyaya, akalegeza bolti, ambazo mara nyingi ni mbili au tatu. Kabla ya kutoa bolti ya mwisho huishika stata kwa mkono mwingine, maana ni nzito, nayo huweza kumwangukia usoni. Stata mpya huwekwa kando ya ile ya zamani, akalinganisha hesabu ya meno, nafasi ya matundu, na urefu. Pia hutazama meno ya flaiwili katika tundu lililobaki wazi, huku mwenzake akiizungusha injini polepole kwa spana. Kwa kuwa meno mabovu yataiharibu hata stata mpya.

Mahali pa kuifungia pasafishwe mpaka chuma kionekane, kwa sababu katika motokaa nyingi umeme hurudi kwenye betri kwa kupitia chuma hicho. Bolti zikazwe sawasawa, nyaya zirudishwe, na waya wa hasi wa betri uwe wa mwisho. Ndipo ufunguo ugeuzwe.

Kazi yote hii yaonyesha jambo moja. Haraka haraka haina baraka. Kitu kinachonyamaza si lazima ndicho kilichokufa. Huenda kimekosa tu kile kinachokipa nguvu. Mwenye kuanza na kilicho rahisi, akapima hatua kwa hatua, huokoa fedha. Na pengine, usiku ule wa mgonjwa, kitambaa na spana moja hutosha kuiondoa motokaa.