Je, Wajua? Soka ya Shule, Kuanzia Isiolo Hadi Karibi

Je, wajua kwamba timu ya kwanza ya Kenya kucheza fainali za Kombe la Dunia la FIFA si Harambee Stars? Ni Junior Starlets, mabinti wasiozidi umri wa miaka 17, wengi wao wanafunzi wa shule za upili. Juni 16, 2024 waliilaza Burundi 2-0 jijini Nairobi na kufuzu kwa jumla ya mabao 5-0. Oktoba wakatua Jamhuri ya Dominika, kwenye Kombe la Dunia la wasichana wa umri huo, na kocha wao, Mildred Cheche. Uingereza ikawafunga. Korea Kaskazini, iliyokuja kutwaa kombe lenyewe, ikawafunga pia. Mechi ya mwisho ya kundi wakaichapa Mexico 2-1. Kabla ya siku hiyo, hakuna timu ya soka ya Kenya, ya wanaume wala ya wanawake, iliyokuwa imeshinda mechi katika fainali hizo. Kwangu mimi huo ndio msimu mkubwa kuliko yote katika soka yetu, na tuliletewa na watoto wa shule.

Je, wajua kuwa ubingwa wa Afrika wa soka ya shule kwa wasichana umewahi kutua Dodoma, Tanzania? Wasichana wa shule ya Fountain Gate ya huko walishinda fainali mjini Durban, Aprili 2023. Zawadi: dola 300,000 za Marekani, nazo ni za kuendeleza shule.

Je, wajua shule ya Isiolo hupanda ngazi ngapi katika mashindano ya shule? Kanda, kaunti ndogo, kaunti, mkoa, taifa, kisha Afrika Mashariki. Nyingi ya mechi hizo huchezwa muhula wa pili.

Ngazi ya kaunti peke yake ni safari. Isiolo ina zaidi ya kilomita za mraba 25,000, karibu sawa na Rwanda nzima. Wachezaji wa Merti wakiitwa mjini Isiolo, husafiri takribani kilomita 200, sehemu kubwa vumbi tupu, kisha wanatakiwa kufunga njumu na kukimbia dakika zote. Wakishinda hapo, mkoani wanawasubiri Meru, Embu, Tharaka Nithi, Kitui, Machakos, Makueni na jirani zao wa Marsabit. Timu inayotoka huku kaskazini na kufika mkoani imeshafanya kazi kubwa kabla ya filimbi ya kwanza, na inastahili kupokewa hivyo.

Je, wajua Green Commandos ni nani? Ni timu ya Shule ya Upili ya Kakamega, jina linaloheshimiwa kila penye soka ya shule nchini.

Je, wajua soka imetumika kupatanisha vijana hapo Marsabit? Wakili Fatuma Abdulkadir Adan alianzisha shirika la HODI mwaka 2003, akawakutanisha uwanjani vijana wa jamii zilizokuwa zikipigana, kisha akawaingiza wasichana mchezoni. Mwaka 2011 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Stuttgart, Ujerumani.

Msomaji wa Isiolo, muhula wa pili ukifika, nenda ukaishangilie shule iliyo karibu nawe. Changia nauli ya timu ukiweza. Na kama una binti anayetaka kucheza, mruhusu, umnunulie na njumu.