Hitilafu na Hataza: Ugomvi wa Watengenezaji wa Mashine za Gemu

Mtahiniwa, ukipita Mwanjelwa jijini Mbeya au Miyomboni mjini Iringa jioni, utakuta vijana wamejazana kwenye kibanda cha gemu, kila mmoja akisubiri zamu ya kushika pedi. Mashine hizo zinakupa mfano mzuri wa mambo mawili ambayo watahiniwa huyachanganya. Hitilafu ni kasoro ya kifaa chenyewe. Hataza ni haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila idhini, kwa muda maalumu.

Mwaka 2005 Microsoft ilitoa Xbox 360, ikaitangulia PlayStation 3 ya Sony kwa mwaka mzima. Lakini mashine nyingi zikaanza kugoma, taa tatu nyekundu zikiwaka kwa mbele. Chanzo kilikuwa joto. Ukiwasha mashine, chipu hupata moto na kutanuka. Ukiizima, hupoa na kusinyaa. Kwa kuwa chipu na metali inayoiunganisha havitanuki kwa kiwango kimoja, viungo vidogo huvutwa huku na huku hadi vinakatika. Umewahi kusikia bati likilia juu ya paa usiku wa Julai kule Mafinga? Ni kanuni ileile uliyosoma katika Fizikia. Fundi akiupasha moto ubao wa saketi, mashine huweza kuwaka tena, ila haichukui muda inarudia ugonjwa wake. Julai 2007 Microsoft iliongeza dhamana hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 za Marekani. Zingatia: hapa hakuna aliyeiba wazo la mtu. Mnunuzi alidai haki yake kwa dhamana.

Sasa hataza. Mwaka 2002 kampuni ya Immersion ya Marekani iliwashtaki Microsoft na Sony, ikidai kwamba mtetemo wa pedi, ule unaousikia mkononi gari linapogonga ukuta kwenye gemu, ulitumia uvumbuzi wake. Microsoft ilipatana nayo mwaka uliofuata kwa dola milioni 26. Sony ilikomaa mahakamani, na mwaka 2004 ikaamriwa kulipa dola milioni 82. Mwaka 2006 PlayStation 3 ikatoka na pedi isiyotetemeka. Sony ilieleza kuwa mtetemo ungevuruga vihisio vya mwendo. Mwaka 2007 ikapatana na Immersion, na pedi iliyofuata ikawa na mtetemo na vihisio hivyo hivyo. Amua mwenyewe.

Usiandike kwamba hataza ya Marekani inalinda dunia nzima. Hataza hulinda katika nchi iliposajiliwa. Tanzania Bara usajili hufanywa na BRELA, au kupitia ARIPO yenye makao yake Harare. Uvumbuzi lazima uwe mpya, usiwe jambo lililo dhahiri kwa mtaalamu, na uweze kutumika viwandani. Ukiunda kifaa cha kupoza mashine pale Uyole, hataza inakuhusu; ukitunga gemu yenyewe, kinachokulinda ni hakimiliki.

Jipime: Mwenye kibanda Kihesa amenunua mashine mpya yenye dhamana, ikagoma baada ya wiki mbili. Jirani yake anatengeneza na kuuza hapohapo pedi inayotumia uvumbuzi uliosajiliwa Marekani pekee. Nani ana dai, dhidi ya nani, na kwa msingi upi?