Apolo Kivebulaya: aliyefungwa kwa ajili ya Boga, akarudi Boga

Kila tarehe 30 Mei Kanisa Anglikana linamkumbuka Apolo Kivebulaya, aliyehubiri Injili Boga, kule Ituri. Wengi wetu Beni na Butembo tunalijua jina lake tu.

Alizaliwa Buganda karibu mwaka wa 1864, akaitwa Waswa, jina la mtoto wa kiume anayetangulia kati ya mapacha. Alikuwa askari, na kwa muda alifuatana na Waislamu. Alibatizwa mwaka wa 1895, akaitwa Apolo, kama yule mhubiri wa Matendo 18. Kivebulaya ni jina la utani, maana yake "kitu kilichotoka Ulaya", kwa sababu ya koti la askari alilolipenda.

Alitumwa Toro, na mwisho wa 1896 akavuka kuja Boga. Ile milima ya Ruwenzori tunayoitazama kutoka Beni, yeye aliijia kwa upande wa pili, akapita ncha yake ya kaskazini, akashuka Semliki. Waalimu waliomtangulia walikuwa wamekwisha kurudi Toro.

Chifu Tabaro alimpokea, lakini urafiki haukudumu. Apolo alifundisha watu kusoma, akakemea ulevi na ndoa ya wake wengi. Hapo akapigwa, na nyumba yake ikachomwa. Kisha likatokea jambo baya zaidi. Dada ya chifu alikuwa amebeba nyasi za kuezekea, na ndani ya nyasi kulikuwa na mkuki. Akajikwaa, akaanguka juu yake, akafa. Lawama ikamwangukia Apolo. Alipelekwa Fort Portal, akatiwa gerezani kwa kifo ambacho hakukisababisha.

Tukisoma habari hii tunaona kwamba hapo angeweza kusema, "Basi, kazi ya Boga imekwisha." Nani angemlaumu? Lakini alisimulia kwamba usiku mmoja gerezani alimwona Yesu, akamtia moyo. Alipofunguliwa alirudi Boga, kwa chifu yule yule. Baadaye Tabaro mwenyewe aliomba ubatizo, akaitwa Paulo. Kwetu hapa, ambako jirani anaweza kukushitaki kwa neno la uongo na ukoo mzima ukaacha kusalimiana miaka kumi, hatuwezi kupita haraka mahali hapo.

Aliwekwa kuwa mchungaji mwaka wa 1903. Alikuwa na mchumba, lakini mchumba akafa, na Apolo hakuoa maisha yake yote. Wazungu walipokata mipaka, Boga ikaangukia upande wa Wabelgiji. Apolo, mtu wa Uganda, akarudi kukaa huku wakati wa vita kuu ya kwanza. Kuanzia 1921, akiwa na umri ambao wengine wanatafuta kiti cha kupumzikia, aliingia msituni kwa Wambuti. Wengi waliwadharau watu hao. Yeye alikaa nao na kuwafundisha katika lugha yao.

Alikufa Boga tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo, kinyume cha desturi ya kwao.

Mpaka uhuru wa 1960 Kanisa lake lilibaki hasa pande za Boga. Mwaka wa 1972 Boga ikawa makao ya askofu, na mwaka wa 1992 jimbo la Kivu ya Kaskazini likapata makao yake hapa Butembo.

Usiku wa 30 kuamkia 31 Mei 2021, siku ile ile ya kumkumbuka, Boga na Tchabi zilishambuliwa. Watu zaidi ya 50 waliuawa na maelfu wakakimbia. Wako wanaouliza kama watarudi kulima mashamba yao karibu na kaburi lile. Tunapoomba tarehe 30 Mei, tuwataje hao kwanza, na wale wa Beni wanaolala bado kwa watu, kisha ndipo tumshukuru Mungu kwa ajili ya Apolo.