Ferguson ya kijivu: kweli au uzushi?

Trekta likishapita miaka 70, kila anayelikuta hujigeuza fundi. Sijui lililozushiwa mengi kama Ferguson TE20, lile dogo la kijivu lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956. Na uzushi kwenye chombo cha zamani una gharama zake: mtu hufungua kizima akakifunga kibovu.

"Ni adimu, ndiyo maana bei iko juu."
Si kweli. Yalitengenezwa zaidi ya 500,000. Adimu ni aina chache, kama yale membamba ya mashamba ya mizabibu, au ya mwanzo kabisa yaliyofungwa injini ya Continental kutoka Marekani kabla kampuni ya Standard haijaanza kufunga ya kwake. Kabla hujatoa pesa, soma kibati kwenye dashibodi. TEA ni la petroli. TED huwashwa kwa petroli, likipata moto likabadilishiwa mafuta jamii ya mafuta ya taa. TEF ni la dizeli. Muuzaji anayekuimbia "adimu" na hajui herufi hizo anakuuzia rangi mpya tu.

"Stata imekufa."
Mara nyingi haijafa. Mgeni hutafuta kitufe, asikione, akafungua betri. Kwenye TE20 stata huwashwa kwa kijiti cha gia: washa swichi, sukuma kijiti mpaka penye herufi S, injini inazunguka. Harry Ferguson, aliyelibuni, alikuwa na sababu. Kijiti kikiwa kwenye S hakiwezi kuwa kwenye gia nyingine, kwa hiyo trekta haliwezi kuwaka likakurukia. Magari mengi ya siku hizo hayakuwa na akili hiyo.

"Mikono ya nyuma haipandi, pampu imekwisha."
Hapa ndipo watu huliwa pesa. Pampu ya haidroliki imekaa ndani ya tumbo la trekta, imezama katika oili, na inazungushwa na mfumo uleule wa PTO, unaozungusha mashine zinazofungwa nyuma. Wenzo wa PTO ukiwa haujaingizwa, pampu imelala. Ukikanyaga klachi, inasimama vilevile. Huwezi kushikilia klachi chini na huku unainua jembe. Aliyezoea Massey Ferguson za baadaye zenye klachi ya hatua mbili huona huo ni ugonjwa, kumbe ndivyo lilivyoundwa.

Halafu kuna oili. Giaboksi, haidroliki na difu hutumia oili moja. Trekta likilala mvuani miezi kadhaa, maji hupenya penye mpira wa kijiti cha gia na kushuka taratibu. Chota kidogo, tia kwenye glasi, inua juani. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, umepata mgonjwa wako. Endesha trekta kidogo lipate joto, mwaga yote, safisha, tia mpya, kisha jaribu mikono tena. Hayo yote yafanyike kabla hujamlipa mtu hata senti kwa ajili ya pampu. Na kijiti cha gia ukifunike, japo kwa ndoo.

"Injini ikichoka ndiyo basi."
Uzushi. Injini ya Standard ina silivu zinazochomoka, zilizozungukwa na maji. Unabadilisha silivu, pistoni na ringi, bloku inabaki palepale. Udhaifu wake ni gasketi zilizo chini ya silivu: zikichoka, maji hushukia kwenye oili ya injini. Vipuri vingi bado vinatengenezwa. Injini hiyo ina undugu na ile ya gari la michezo la Triumph TR2, jambo ambalo wenye TR2 hawapendi kukumbushwa.

"Lipe petroli ya bei ghali."
Usijisumbue. Mgandamizo wa injini hii ni mdogo. Iliundwa kwa petroli duni ya baada ya vita. Cha kuogopa ni ethanoli, ambayo Uingereza imefika hadi asilimia 10 katika petroli ya kawaida tangu 2021. Mipira na gasketi za zamani hazipatani nayo. Trekta likisimama muda mrefu, toa mafuta kwenye tangi na kabureta.

"Ni la kuchezea tu."
Mwambie Edmund Hillary, yule mpanda milima. Tarehe 4 Januari 1958 alifika Ncha ya Kusini akiwa na Ferguson zilizofungwa minyororo ya kukanyagia theluji. Na mikono mitatu inayobeba jembe nyuma ya karibu kila trekta unaloliona leo, liwe Mbeya au Uasin Gishu, ni mfumo wa Harry Ferguson huyo huyo.

"Ni dogo, haliwezi kupinduka."
Huu ndio uzushi unaoua. Lina tani moja na kidogo, na halikutoka kiwandani na fremu ya kumkinga dereva. Jembe likiwa limefungwa sawasawa, mkono wa juu husaidia kuikandamiza pua chini. Lakini ukifunga mnyororo kwenye mkono huo wa juu, au mahali popote palipo juu ya ekseli, ili ung'oe kisiki, magurudumu yakikwama pua hunyanyuka na trekta hukulalia mgongoni, na hutapata muda wa kuruka. Funga chini, kwenye upau wa kuvutia, vuta polepole, na mguu uwe kwenye klachi.