Lori limechoka: Litengenezwe au libadilishwe?

Lori lililotembea miaka mingi katika njia ya Dar es Salaam, Tunduma na Lubumbashi, au ile ya Mombasa, Malaba na Kampala, mwisho humfikisha mwenyewe kwenye uamuzi mgumu. Fundi anasema injini ishushwe na kufanyiwa matengenezo makubwa. Wakati huohuo benki iko tayari kukopesha fedha za kununua lori jingine. Je, fedha ziende gereji au ziende kwa muuzaji?

Wasafirishaji wengi hutumia kanuni ya haraka: matengenezo yakizidi nusu ya thamani ya gari, uza. Kanuni hiyo ni rahisi kukumbuka, lakini kwa lori la biashara hupotosha. Inaangalia thamani ya lori la zamani peke yake na kusahau kwamba lori litakalochukua nafasi yake nalo lina gharama zake. Ulinganisho ulio sahihi ni wa miezi 12 ijayo: lori la zamani likitengenezwa litagharimu kiasi gani, na jingine likinunuliwa litagharimu kiasi gani.

Katika hesabu hiyo, fedha zilizokwisha kutumika hazina nafasi. Msafirishaji aliyebadilisha giaboksi mwaka jana husita kuuza kwa hoja kwamba "ameshaingiza hela nyingi". Hela hiyo imekwenda, auze au asiuze. Inayohesabiwa ni ile tu inayoonekana leo katika bei ambayo mnunuzi yuko tayari kutoa.

Hesabu ya mwaka mmoja

Tuchukue mfano wa lori la tela linalotembea kilomita 80,000 kwa mwaka. Takwimu hizi ni za mfano tu, kila msafirishaji aweke zake. Lori la zamani linaweza kuuzwa shilingi za Tanzania milioni 40. Lori lililotumika, lakini la umri mdogo zaidi, ni milioni 130. Mwenye lori atauza la zamani na kukopa milioni 90 kwa riba ya asilimia 17, marejesho ya miaka 3.

Akibaki na lori la zamani:
- Kushusha injini ni milioni 14. Ikidumu miaka 2, kila mwaka unabeba milioni 7.
- Matengenezo mengine: milioni 12.
- Dizeli ya ziada, lita 4 zaidi kwa kila kilomita 100, kwa shilingi 3,000 lita moja: milioni 9.6.
- Siku 40 za kusimama kwa ubovu, kila siku shilingi 250,000: milioni 10.
- Kushuka kwa thamani ya lori: milioni 5.
Jumla: milioni 43.6.

Akinunua jingine:
- Kushuka kwa thamani: milioni 20.
- Riba ya mwaka wa kwanza: milioni 13.4.
- Nyongeza ya bima kubwa, ambayo benki huidai: milioni 4.
- Matengenezo: milioni 5.
- Siku 12 za kusimama, kila siku shilingi 250,000: milioni 3.
Jumla: milioni 45.4.

Tofauti ni chini ya milioni 2, na lori la zamani ndilo nafuu. Anayetazama bili ya gereji peke yake angeona matengenezo ya milioni 26 na kukimbilia benki. Hata hivyo, matokeo haya yanaweza kugeuka kabisa kwa kubadilisha namba moja, nayo ni gharama ya siku ya kusimama.

Siku ya kusimama ina bei gani?

Lori likisimama jirani na gereji yake, hasara ni faida ya safari iliyokosekana na posho ya watu wasiofanya kazi. Likisimama upande wa pili wa mpaka na mzigo wa transiti mgongoni, mambo ni mengine.

Mzigo wa transiti unasafiri chini ya lakiri ya forodha na dhamana. Dereva hawezi kukata lakiri na kuhamishia mzigo kwenye lori la jirani. Inabidi forodha ijulishwe kupitia wakala, ikubali, na kazi ifanyike chini ya usimamizi wake. Lori litakalopokea mzigo nalo liwe na leseni ya kubeba bidhaa za transiti. Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo kwa lakiri za kielektroniki mwaka 2017, hivyo lori lililosimama muda mrefu mahali pasipotarajiwa huonekana na huulizwa. Dhamana nayo hubaki wazi hadi mzigo uthibitishwe kuwa umetoka au umefika.

Juu ya hapo kuna gari la kuvuta, vipuri vinavyonunuliwa kwa fedha ya nchi nyingine, fundi asiyejulikana, na mteja anayekata malipo kwa kuchelewa. Lori lenyewe huwa limeingia nchi ile kwa muda tu. Hata likifa kabisa, haliwezi kuuzwa huko kama chuma chakavu bila taratibu za forodha kukamilishwa.

Ikiwa siku moja ya kusimama njiani inagharimu shilingi 450,000 badala ya 250,000, lori la zamani linafika milioni 51.6 na jingine milioni 47.8. Sasa kubadilisha ndiko nafuu.

Lori hilohilo likipewa kazi ya karibu, tuseme kutoa mizigo bandarini kupeleka maghala ya mjini, kilomita 30,000 kwa mwaka, na siku ya kusimama ikigharimu shilingi 100,000, gharama yake inashuka hadi milioni 31.6, hata kama bili ya gereji itabaki ileile. Lori la mkopo katika kazi hiyo lingegharimu milioni 43.6. Kwa maneno mengine, lori lisilofaa tena kuvuka Tunduma si lazima liuzwe. Wakati mwingine linachohitaji ni kuhamishwa njia.

Mkopo haujui foleni

Hesabu ya gharama haitoshi bila kuangalia mzunguko wa fedha. Katika mfano wetu, marejesho ni takriban shilingi milioni 3.2 kila mwezi, mzigo uwepo usiwepo. Matengenezo ya injini ni milioni 14 mara moja, kisha basi.

Biashara ya mpakani ina vizuizi ambavyo uzima wa lori hauviondoi. Agosti 2024 Zambia ilifunga kwa siku chache mpaka wake na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kutokana na mvutano wa kibiashara, na malori yakasubiri, mapya na makuukuu kwa pamoja. Siku za foleni ni tofauti na siku za ubovu. Siku za ubovu hupungua ukinunua lori zima, lakini za foleni hazipungui, tena humuumiza zaidi mwenye deni. Ndiyo maana msafirishaji ambaye lori lake linafanya safari chache kwa mwezi kwa sababu ya foleni anapaswa kuwa mwangalifu zaidi na mkopo. Kilomita ni chache, akiba ya dizeli ni ndogo, na marejesho ni yaleyale.

Kinachokufa ni nini?

Injini, giaboksi, turbo na difu ni vitu vya kubadilika. Vikifungwa vizuri, lori hupata maisha mapya. Chesisi iliyopasuka na kuchomelewa mara kadhaa ni habari nyingine. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito inaruhusu gari na mzigo wake hadi tani 56 kulingana na idadi ya ekseli. Uzito wa namna hiyo ukiteremka Kitonga mkoani Iringa, Sekenke mkoani Singida, au mteremko wa Salgaa nchini Kenya, breki na chesisi si mahali pa kubana matumizi. Hapo hakuna hesabu ya kulinganisha: lori liondolewe barabarani.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda

Lori la umri mdogo nalo lina mitego yake. Injini nyingi za kisasa zinaendeshwa kwa kompyuta. Fundi wa Mafinga au Webuye anayefungua pampu ya kawaida kwa spana anaweza kukwama pale panapohitajika mashine ya kusoma hitilafu. Injini hizo pia ni nyepesi kudhurika kwa mafuta machafu. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka kiwango cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni kuanzia mwaka 2015, lakini dizeli ya madumu kando ya barabara haina mdhamini. Msafirishaji ajue kabla ya kununua ni gereji gani katika njia yake, kila upande wa mpaka, inayoweza kutengeneza modeli hiyo.

Umri unahusu ushuru pia. Kenya kwa muda mrefu imeweka kikomo cha miaka 8 kwa magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini, na Uganda ilipitisha mwaka 2018 sheria ya kuzuia yenye miaka 15 na zaidi. Tanzania hutoza ushuru wa bidhaa wa ziada kulingana na umri. Malori makubwa yanaweza kuwa na kanuni zake, nazo hubadilika na bajeti za Juni, kwa hiyo wakala wa forodha aulizwe kabla ya kulipa amana. Kanuni hizohizo humgusa anayetaka kuuza lori lake kuukuu nchi jirani: huenda mnunuzi akaipenda bei, lakini mpaka ukalikataa lori.

Pa kuanzia

Asiye na kumbukumbu za kila safari hana hesabu ya kufanya. Daftari la miezi 3 linatosha kuanzia: kilomita, lita za dizeli, vipuri, siku za ubovu na mahali lori liliposimama, na siku za foleni zikiandikwa peke yake.

Daftari likionyesha kwamba lori husimama zaidi mbali na nyumbani, na mzigo upo wa kutosha kulipa marejesho hata katika mwezi mbaya, kubadilisha kuna maana. Likionyesha kilomita chache na ubovu wa injini tu, injini ishushwe. Mzigo ukiwa wa kubahatisha, lori litengenezwe, lipewe njia fupi, na akiba ianze kuwekwa, ili litakapofika mwisho wake mkopo wa kulibadilisha uwe mdogo.